Majani Makavu ya Mtwara: Mboga ya Kiangazi Huandaliwa Masika

Mama anayeishi pwani ya kusini ya Tanzania anajua jambo moja kuhusu mwaka: hauleti vyakula vyote kwa pamoja. Mvua huanza kwenye Novemba au Desemba na kukoma kwenye Aprili au Mei. Katika miezi hiyo kunde hutambaa hadi mlangoni, maboga hupanda juu ya uzio, na matembele huchumwa na yeyote apitaye. Kisha mvua hukatika. Upepo wa kusi huvuma, mchanga hukauka, na ifikapo Septemba bustani ile ile imebaki vijiti. Lakini watoto wanahitaji mboga mwezi wa Septemba kama walivyoihitaji mwezi wa Aprili.

Swali hilo ndilo lililotupeleka Mtwara. Tulitaka kujua mama afanyeje ili chungu chake cha kila siku kisikose mboga wala ladha, hata wakati bustani imelala na mkoba umekuwa mwepesi. Tulijibiwa na akina mama wenyewe, katika nyua zao, wakiwa na ungo magotini. Tunawaletea majibu hayo, pamoja na yale ambayo wataalamu wa lishe wamekwisha kuyathibitisha, ili msomaji achague yanayofaa nyumbani kwake.

NJIA YA KUSINI

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni mwendo wa zaidi ya kilomita 550. Siku hizi basi huondoka alfajiri na kufika jioni. Wenye umri wetu wanakumbuka hali nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na mvua kubwa ziliponyesha abiria walilala njiani siku kadhaa, wakipika uji kando ya barabara. Katika miezi ya masika kusini ilikuwa kama kisiwa. Bidhaa za dukani zilichelewa kufika, na zilipofika zilikuwa ghali.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini jiko la Mtwara limejifunza kujitegemea. Mihogo hukatwa ikaanikwa ikawa makopa. Samaki hupasuliwa wakaanikwa wakawa ng'onda. Embe, bamia, kunde, majani ya maboga, vyote hupita juani au kivulini na kuwekwa. Hata bandari ya Mtwara, ambayo ina kina kirefu, ilizaliwa na habari ya chakula: Waingereza waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mpango wao mkubwa wa kulima karanga. Mpango ule ulishindwa vibaya. Bandari ikabaki, na karanga nazo zikabaki mikononi mwa akina mama, ambao mpaka leo huzitwanga na kuzitia kwenye mboga.

BUSTANI YA NYUMA YA NYUMBA

Mahali pa kwanza tulipobisha hodi palikuwa Mikindani, mji wa kale wa Waswahili, kiasi cha kilomita kumi kutoka Mtwara mjini. Watalii huja hapa kutazama Boma iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na kusikia habari za Dakta Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Sisi tulikuja kutazama nyuma ya nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, piteni uani, huku mbele hakuna kivuli."

Ua wenyewe haukuwa mkubwa kuliko chumba cha darasa, na usingeuita shamba. Lakini kila kitu kilikuwa na mahali pake. Mchaichai ulikuwa umepandwa pale maji ya kuogea yanapotokea, kwa sababu unapenda unyevu na haudai maji ya kisima. Mrehani ulikuwa karibu na mlango wa jiko, ili mpishi achume bila kutoka nje usiku. Milonge mitatu ilisimama kama nguzo za uzio, nayo ilikatwa vichwa kila mara ili ichipue chini, mkono unapofika. Kulikuwa na mlimau mmoja, pilipili mbili tatu, na nanaa kwenye sufuria kuukuu lililotoboka. Kunde na maboga vilipandwa wakati wa mvua tu.

"Hii yote ni dawa ya kukosa hela," bibi alitueleza, nasi tukacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anasema kweli.

Fikiri pamoja nasi, mama. Familia nyingi za mkoa huu hupata fedha mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa, kwenye Oktoba hadi Januari. Fedha hiyo hiyo hulipa madeni, hurekebisha bati, na Januari hununua sare na madaftari. Baada ya hapo kila shilingi inayotoka kwa ajili ya mboga ina kazi nyingine iliyokuwa ikiingoja. Kwa mfano, mama akinunua mboga ya shilingi 1,000 mara tatu tu kwa juma, katika miezi minne ametumia shilingi 50,000 hivi. Hiyo ni jozi ya viatu vya shule na chenji inabaki. Gunia la majani makavu lililojazwa mwezi wa Mei lingeweza kuokoa sehemu kubwa ya fedha hizo, na majani yenyewe yangechumwa bure.

NAMNA YA KUKAUSHA

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya majani huoza, tena upesi, ikiwekwa na unyevu. Kwa hiyo kazi yote ya kukausha ni kuondoa maji bila kuondoa uzuri wa jani. Haya ndiyo tuliyoyaona na kuyaandika.

Kwanza, chuma asubuhi, umande ukishakauka lakini jua halijawa kali. Chagua majani machanga yasiyo na madoa wala wadudu. Yaoshe kwa maji safi, uyakung'ute.

Pili, tenga majani ya mboga na majani ya harufu, maana hayatendewi sawa. Majani ya mboga, kama kunde, maboga, matembele na mchicha, hupitishwa kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, au huwekwa juu ya mvuke, kisha huopolewa na kuchujwa. Moto huo mfupi huzuia jani lisiendelee kuharibika lenyewe wakati wa kukauka; hubaki na rangi yake ya kijani na sehemu kubwa zaidi ya vitamini A. Majani ya harufu, yaani mrehani, nanaa na mchaichai, usiyachemshe kabisa. Ukiyachemsha, harufu yote imekwenda na mvuke.

Tatu, anika kivulini penye upepo. Hapa ndipo akina mama wengi wa bara na pwani tunapotofautiana na bibi yule. Wengi wetu tumezoea kutandaza mboga juani juu ya bati au jamvi, kwa kuwa jua hukausha haraka. Lakini jua kali huua vitamini A na kuyafanya majani yawe ya kahawia. Bibi alikuwa na uchanja wa miti chini ya paa la makuti, umetandikwa mkeka safi, na juu yake kafunika kwa kipande cha chandarua kuukuu kilichofuliwa vizuri, ili nzi na vumbi visiguse. Kusi lilikuwa linavuma. Majani ya mrehani yalikuwa tayari kwa siku mbili, ya kunde kwa tatu. Tandaza tabaka jembamba, ugeuze mara mbili kwa siku, na jioni uingize ndani kabla ya umande.

Nne, pima kwa vidole. Jani lililokauka sawasawa hulia na kuvunjika likifinywa. Likijikunja kama kitambaa, bado.

Tano, weka mahali pakavu na penye giza, katika chombo chenye mfuniko unaobana: chupa, kopo, au ndoo ndogo. Andika jina na mwezi. Katika juma la kwanza fungua ukatazame chini ya mfuniko. Ukiona matone, toa majani yote ukaanike upya. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo usiridhike baada ya kukagua mara moja.

Na ukiona ukungu, mama, tupa. Usipepete ukungu ukabakiza majani. Vyakula vilivyoota ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini na ambayo haiondolewi kwa kuchemsha. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga nazo hushambuliwa sana, basi zichambue kabla ya kutwanga, na zile zilizosinyaa, zilizooza au zenye rangi ya ajabu zisiingie chunguni.

MLONGE NA MIPAKA YAKE

Mti wa mlonge umesifiwa sana miaka hii, na wengine huuza unga wake kama dawa ya kila ugonjwa. Sisi tunasema ni mboga, na mboga nzuri sana. Majani yake yana protini, madini ya chuma, chokaa na vitamini A. Bibi huvunja matawi, huyaning'iniza ndani ya nyumba kwa siku tatu au nne, kisha huyapukusa, huyatwanga katika kinu na kuyapitisha kwenye chekecheke. Unga huo hutiwa mwishoni, chungu kikiwa karibu kuepuliwa, kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa chungu cha familia. Ukiupika sana, mboga huwa chungu.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Mizizi na magome ya mlonge si chakula, na mama mjamzito asiyatumie kabisa. Na mtoto aliyepungukiwa damu apelekwe kliniki. Unga wa mlonge uwe nyongeza ya chakula chake, usiwe sababu ya kumchelewesha.

KUELEKEA MSIMBATI

Siku ya tatu tulishika njia ya Msimbati, iliyo mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kusini ya Mtwara mjini. Barabara hupita kati ya mikorosho na minazi, na pale Madimba upo mtambo wa kusafisha gesi asilia. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba kubwa hadi Dar es Salaam. Katika nyumba tulizoingia sisi, akina mama bado walipika kwa mafiga na kuni. Kwa hiyo chakula kinachoiva haraka ni neema kwao, na majani yaliyokwisha kupitishwa kwenye maji moto kabla ya kukaushwa huiva upesi.

Msimbati ni mahali pa kupendeza. Mchanga ni mweupe, bahari ni ya buluu, na ukiendelea hadi Ruvula na kutazama kusini unaona mikoko ya mlango wa Mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu pamoja. Kwa maji kupwa tuliwaona akina mama wakirudi na ndoo zao kutoka kwenye miamba. Samaki waliopasuliwa walikuwa wakikaukia kwenye vichanja, na harufu yao iliingia hadi kwenye nguo zetu.

Hapa tulijifunza namna majani makavu na samaki mkavu wanavyosaidiana. Wengi wetu tunamtunza mzee mwenye shinikizo la damu nyumbani, au tumeambiwa sisi wenyewe kliniki tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikiwa pamoja na chumvi iliyomo tayari katika vyakula. Ng'onda ana chumvi nyingi, na viungo vingi vya pakiti vya dukani vina chumvi nyingi vilevile. Mama akitia vyote viwili chunguni, mzee wa watu anaumia bila mtu kujua.

Mwenyeji wetu wa Msimbati alimloweka ng'onda katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, akayamwaga maji yale, akamsuuza tena. Hakuongeza chumvi hata chembe. Badala yake alitia mrehani mkavu, tangawizi, pilipili na ndimu. Tulipomaliza kula ndipo mmoja wetu alipouliza chumvi ilikuwa wapi. Hakuna aliyekuwa ameona pengo.

MBOGA NI MLINZI WA UGALI

Ugali wa pwani hii ni wa muhogo zaidi, na hatuwezi kuzungumza juu ya mboga bila kusema neno juu ya ugali wenyewe.

Muhogo mchungu una sumu ya asili. Ukitayarishwa vizuri, sumu hutoka. Ukitayarishwa haraka haraka, hasa wakati wa ukame na njaa, sumu hubaki katika unga. Mtu akila unga huo kwa majuma mengi, bila samaki, maharage wala chakula kingine chenye protini ya kutosha, anaweza kupata ugonjwa uitwao konzo. Miguu yote miwili hudhoofika ghafla, na udhaifu huo hauponi. Wanaoathirika zaidi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Kati ya miaka 2001 na 2004 wagonjwa wa konzo walipatikana kusini mwa Tanzania, Mtwara ikiwamo.

Hatusemi hivi kuwatisha. Wapo mamilioni wanaokula muhogo kila siku na kuishi salama, nasi tumeula kwa raha. Tunasema ili kinga ijulikane. Watafiti wamebuni njia rahisi ambayo imefundishwa katika nchi kadhaa za Afrika. Chukua unga wa muhogo, uchanganye na maji hadi ulowe vizuri, uutandaze kwenye ungo kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Kinga ya pili ni mboga. Mbaazi, kunde, karanga na samaki huupa mwili protini inayousaidia kuishinda sumu. Kwa hiyo mama anayetia konzi ya dagaa au kikombe cha mbaazi kwenye majani yake hatafuti utamu tu. Anawalinda wanawe.

Kisamvu nacho kina sumu ile ile, na hakifai kuanikwa kikiwa majani mazima. Kitwange kwanza kikiwa kibichi, ndipo ukitandaze kikauke, na siku ya kupika ukichemshe vizuri katika maji mengi, chungu kikiwa wazi.

MAPISHI MATATU YA KUJARIBU

Majani ya kunde makavu kwa nazi na karanga

Mahitaji: vikombe 3 vya majani makavu ya kunde, nazi 1, nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kitunguu 1, nyanya 2, ndimu 1, chumvi kidogo.

Loweka majani katika maji ya vuguvugu kwa robo saa, uyakamue. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi. Chemsha majani katika tui jepesi pamoja na kitunguu na nyanya mpaka yalainike. Koroga karanga katika tui zito, umimine, uache moto mdogo huku ukikoroga mpaka mchuzi uwe mzito. Epua, kisha kamulia ndimu.

Nazi na karanga hapa zina kazi. Vitamini A ya majani huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Na ndimu nayo ina kazi: majani yakikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, nayo vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga. Kwa sababu hiyo hiyo, chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula hiki. Iache kwa saa moja hivi, maana huzuia chuma kisichukuliwe.

Mchuzi wa ng'onda kwa mrehani

Mahitaji: ng'onda 1 wa kiasi, kitunguu 1, nyanya 3, kipande cha tangawizi, kijiko 1 cha chakula cha mrehani mkavu uliofikichwa, pilipili 1, ndimu 1, mafuta kidogo.

Loweka ng'onda kama tulivyoeleza, umwage maji, umchambue miba. Kaanga kitunguu, tia tangawizi na nyanya, funika ziive. Tia samaki na vikombe viwili vya maji. Mchuzi ukianza kuwa mzito, tia nusu ya mrehani. Nusu iliyobaki tia wakati wa kuepua, ufunike chungu dakika tano. Kamua ndimu mezani. Kumbuka kwamba majani ya harufu yakikauka huwa makali: kijiko kimoja cha makavu hutosha mahali pa vijiko vitatu vya mabichi.

Mbaazi za nazi kwa unga wa mlonge

Mahitaji: vikombe 2 vya mbaazi kavu, nazi 1, kitunguu 1, kijiko 1 cha chai cha manjano, vijiko 2 vya chakula vya unga wa mlonge, chumvi kidogo.

Loweka mbaazi usiku kucha, umwage maji, uzichemshe katika maji mapya hadi ziive. Tia kitunguu, manjano na tui jepesi. Yakipungua, tia tui zito. Dakika mbili kabla ya kuepua, koroga unga wa mlonge katika maji kidogo usifanye madonge, umimine. Watoto wanaokataa mboga za majani huila bila maneno, kwa kuwa hawaoni jani.

Katika msimu wa korosho, maliza mlo huu kwa bibo bivu. Mabibo mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho baada ya korosho kuchumwa, ilhali bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Yale yaliyo safi, yaliyoanguka asubuhi hiyo, yaoshe, uwape watoto.

NI CHAKULA CHA MASKINI?

Jambo moja lilituuma katika safari hii. Katika nyumba moja ya njia ya kuelekea mtoni, bibi wa nyumba alipotoa kopo lake la kunde kavu ili atupikie, mkwewe alimvuta pembeni. Tulisikia, ingawa alinong'ona. Alitaka mtoto atumwe akakope kuku, na soda dukani.

"Mama, wageni wa mjini hawa. Tutawapaje mboga ya kopo la bati?"

"Kuku wa kukopa atakuja kudaiwa nikiwa nimelala," bibi alijibu. "Hii ni yangu. Anayekula changu ameniheshimu."

Tulikula, tukaongezwa, tukakwangua sahani. Baada ya chakula yule mkwe akaja kukaa nasi jamvini. Ana watoto watatu. Alitueleza kwamba alipokuwa shuleni wenzake walimcheka kwa sababu ya mboga kavu, wakamwita mtoto wa njaa, na tangu hapo aliapa kwamba watoto wake watakula vya kununua. Lakini mwaka ule fedha za korosho ziliishia Machi. Kuanzia hapo alikuwa akipika ugali na chumvi na pilipili siku mbili au tatu kwa juma, mlango umefungwa, majirani wasijue. Kopo la mama mkwe wake lilikuwa rafuni wakati wote huo.

Hatukumlaumu, na wewe usimlaumu. Aibu ya chakula ni kitu kizito, nayo hupandwa utotoni. Sisi tulimwuliza jambo moja tu: je, kama majani yale yale yangekuwa katika chupa nzuri ya duka kubwa, yenye karatasi ya maandishi ya kigeni, asingejivunia kuyaweka mezani? Katika miji mikubwa ya dunia mrehani mkavu na unga wa mlonge huuzwa kwa bei ghali, na wenye uwezo hununua. Jani ni lile lile.

Alikaa kimya kidogo, kisha akamwuliza bibi, "Mama, kunde za mwaka huu tutaanza kuchuma lini?"

"Mvua ikipungua. Tafuta chandarua kuukuu, ukifue," bibi alisema.

ANZA NA KIDOGO

Msomaji mpendwa, si lazima uwe Mtwara ili ufanye haya. Mama wa Dodoma ana mlenda, mama wa Bukoba ana majani ya maboga, mama wa Dar es Salaam mwenye chumba kimoja anaweza kuotesha mrehani na nanaa kwenye kopo dirishani. Mwezi huu anza na jani moja tu. Kausha mrehani kiganja kimoja, au matembele ya kujaza ungo. Upike, uone familia itasema nini, kisha uongeze.

Mshirikishe binti yako, na mvulana pia, katika kuchuma na kupukusa. Mtoto aliyeyakausha majani kwa mkono wake hatayaonea aibu mbele ya wenzake. Na kopo likijaa, usiliweke nyuma ya rafu. Liweke mbele, pale unapoweka chumvi na majani ya chai, ili mkono wako ulizoee. Mkiwa na mzee mwenye presha nyumbani, kopo hilo likae karibu kuliko hata la chumvi.